Mafuta ya Karafuu Mbele ya Kromatografia ya Gesi: Kinachopimwa na Kinachokwepa Kipimo

Mafuta ya karafuu yana nafasi ya pekee katika tiba ya kinywa. Kiambato chake kikuu, yujenoli, huchanganywa na unga wa oksaidi ya zinki kutengeneza kijazio cha muda cha jino. Na majumbani watu wengi huweka tone lake kwenye pamba na kuibana penye jino linalouma. Mafuta hayo hayo yakimezwa na mtoto mdogo huwa sumu. Machapisho ya tiba yameeleza watoto waliopata degedege, waliopoteza fahamu na walioharibika ini baada ya kumeza mililita chache tu. Kwa hiyo, kujua kilichomo ndani ya chupa ni jambo la usalama wa mgonjwa kabla ya kuwa jambo la biashara.

Mti mmoja, mafuta matatu

Mkarafuu hutoa mafuta kutoka sehemu tatu: karafuu zenyewe, yaani machipukizi ya maua, makonyo, ambayo huko Pemba hukenekwa baada ya karafuu kuchambuliwa, na majani. Yote matatu yana yujenoli kwa wingi, lakini uwiano wa viambato vingine hutofautiana. Kwa mafuta ya machipukizi, Farmakopea ya Ulaya hutaka yujenoli iwe kati ya asilimia 75 na 88, asetili-yujenoli kati ya 4 na 15, na beta-kariofileni kati ya 5 na 14. Mafuta ya makonyo na ya majani huwa na asetili-yujenoli kidogo zaidi. Hivyo, sampuli iliyoandikwa kuwa ni ya machipukizi, ikionyesha yujenoli nyingi kupita kiwango na asetili-yujenoli haba, huzua shaka badala ya kusifiwa.

Namna viambato vinavyotenganishwa

Kromatografia ya gesi, iliyoasisiwa na A. T. James na A. J. P. Martin mwaka 1952, hutenganisha viambato vinavyoweza kugeuka mvuke. Tone dogo sana la sampuli huingizwa penye joto kali, likawa mvuke, kisha likasukumwa na gesi ya heli au haidrojeni ndani ya bomba jembamba liitwalo safu. Safu ya kawaida ina urefu wa mita 30 na kipenyo cha ndani cha milimita 0.25, na ukuta wake umepakwa utando mwembamba wa kimiminika. Halijoto hupandishwa polepole, kwa mfano kutoka nyuzi 60 hadi 240 za Selsiasi. Kiambato kinachoshikwa kidogo na utando hutangulia kutoka. Kinachoshikwa sana huchelewa. Mwishoni kitambuzi huchora kilele kwa kila kiambato kinachopita.

Kilele hakina jina

Muda wa kutoka hubadilika kwa urefu wa safu, halijoto na mwendo wa gesi; hauwezi kulinganishwa moja kwa moja kati ya maabara mbili. Mwaka 1958 Ervin Kováts alipendekeza fahirisi inayolinganisha kila kiambato na haidrokaboni nyoofu: yenye kaboni 13 hupewa 1300, yenye 14 hupewa 1400, na kuendelea. Katika safu isiyo na ncha za umeme, yujenoli huangukia karibu na 1356 na beta-kariofileni karibu na 1418. Katika safu yenye ncha za umeme mpangilio hupinduka: beta-kariofileni hutangulia karibu na 1600, na yujenoli hufuata mbali, kupita 2100. Kiambato kilichothibitishwa katika safu zote mbili huaminika zaidi.

Spektromita ya masi huongeza ushahidi kwa kuvunja molekuli na kupima vipande vyake. Nayo ina mpaka wake. Yujenoli na isoyujenoli zina masi ileile ya 164, na vipande vyake hufanana mno. Ilhali isoyujenoli hujulikana zaidi kwa kusababisha mzio wa ngozi. Hapo fahirisi ndiyo huamua.

Asilimia ya nini?

Ripoti nyingi hutoa asilimia kwa kugawa eneo la kila kilele kwa jumla ya maeneo yote. Hesabu hiyo lazima ifikie 100, hata kama sehemu kubwa ya chupa haikuonekana kabisa. Mafuta ya kupikia hayageuki mvuke katika hali hizo. Hubaki mahali pa kuingizia sampuli au mwanzoni mwa safu. Chupa ambayo nusu yake ni mafuta ya alizeti inaweza, kwa hesabu hiyo, kuonyesha yujenoli asilimia 82 na kupita kama safi.

Dawa ya udhaifu huu ni kigezo cha ndani: dutu inayojulikana, iliyopimwa uzito, huongezwa kwenye sampuli iliyopimwa uzito pia. Yujenoli ikilinganishwa nayo, baada ya kurekebisha tofauti za mwitikio wa kitambuzi, hupatikana gramu halisi katika kila gramu 100 za mafuta, na upungufu hujitokeza. Vipimo sahili husaidia vilevile. Mafuta halisi ya karafuu ni mazito kuliko maji, ilhali mafuta ya kupikia huelea, hivyo mchanganyiko hushusha densiti. Tone kwenye karatasi ya kuchujia nalo halipaswi kuacha doa la mafuta baada ya saa 24.

Kusoma ripoti

Mfamasia au daktari wa meno anayepokea ripoti na aulize mambo manne: mafuta yametoka sehemu gani ya mti, majina ya viambato yamethibitishwa kwa fahirisi pamoja na spektromita, asilimia ni ya eneo au ya uzito, na je, densiti na doa vimepimwa? Ripoti inayojibu yote hayo huwezesha kukadiria dozi. Hata ripoti bora haiyafanyi mafuta haya kuwa salama kumezwa na mtoto: chupa na ifungwe vyema na iwekwe mahali asipofikia, na mtoto aliyekunywa apelekwe hospitali mara moja, bila kutapishwa nyumbani.