Hoteli ya jangwani iliyoanza na pamba

Katika mikutano yetu tunaonyeshana picha ambazo ndugu zetu walio Phoenix, katika jimbo la Arizona huko Marekani, wanatutumia kwa simu. Tunaona mitende, majani mabichi na hoteli nzuri. Mara tunasema: «Huyu amekwisha kuwa tajiri.» Basi tujifunze kidogo juu ya mahali pa namna hiyo.

Tuchukue hoteli moja, The Wigwam, iliyo Litchfield Park, magharibi ya Phoenix. Mwanzo wake ni pamba. Wakati wa vita ya kwanza ya dunia, kampani Goodyear ilihitaji pamba ya nyuzi ndefu, kama ile ya Misri, ya kutengenezea mipira ya magari. Ikanunua mashamba jangwani. Mwaka 1918 ilijenga nyumba ya kupokelea wakubwa wake waliokuja kukagua kazi, na mwaka 1929 nyumba hiyo ikafunguliwa kwa wageni wa kulipa. Sisi pia tunaijua pamba: tangu 1917 wazee wetu walilimishwa kwa lazima na serikali ya Wabelgiji.

Leo wageni wanakuja kupumzika na kucheza gofu, mchezo wa kupiga kampira kadogo kwa fimbo mpaka kaingie shimoni. Watu wa Lubumbashi wanajua neno hilo kwa mtaa wao wa Golf. The Wigwam ina viwanja 3, kila kimoja mashimo 18. Majani yale hayaoti yenyewe: mvua ni haba, joto la kiangazi linapita digri 40, kwa hiyo lazima yamwagiliwe. Wageni wengi wanakuja miezi ya baridi, na ndipo bei ya chumba inapanda. Wakati wa joto inashuka.

Sasa tufikiri. Katika hoteli kubwa kama hizo, kuna wanaolala, na kuna wanaotandika vitanda, kufua mashuka na kuosha vyombo. Ndugu zetu wengi waliofika Marekani kama wakimbizi walianza na kazi hizo. Wageni wakipungua, saa za kazi zinaweza kupungua, lakini kodi ya nyumba inadaiwa kila mwezi.

Kwa hiyo, kabla ya kuomba minerval ya watoto au pesa ya matanga, tuulize kwanza: «Dada, kazi inaendaje? Unapata kupumzika?» Tena tuwaeleze watoto wetu kwamba picha inaonyesha mahali mtu aliposimama, haionyeshi mshahara wake.