Baiskeli Ikipanda Gari, Nani Mwenye Dhamana?

Majuma mawili yaliyopita tulisafiri kutoka Bukoba kwenda Muleba, mwendo wa kilometa zipatazo 70, tukifuatana na ndugu mmoja mkazi wa kisiwa cha Bumbire. Ndugu huyo ni mhudumu wa afya wa kujitolea, na riziki yake huipata kwa kuuza dagaa. Alikuja mjini kununua baiskeli, naye aliinunua: Phoenix nyeusi, yenye magurudumu ya inchi 28, kengele, taa na keria imara ya nyuma. Fedha zake alikuwa amezidunduliza kidogo kidogo kwa zaidi ya mwaka mzima. Sisi tulifika Muleba salama. Baiskeli haikufika salama. Foki, yaani ule uma wa mbele, ilikuwa imepinda, spoki sita zilikuwa zimekatika, rangi ya fremu ilikuwa imekwanguliwa upande mmoja, na kengele haikuonekana kabisa.

Tulipomwendea kondakta kwa upole kumwuliza, alitujibu kwamba yeye alikuwa ameipakia baiskeli ile kwa hisani tu. Neno hilo lilitushangaza, maana asubuhi ile ile, mbele ya macho yetu, alikuwa amedai nauli ya mtu mmoja na nusu kwa ajili ya baiskeli, akapewa, akaitia mfukoni bila ya kutoa stakabadhi. Hisani gani hiyo inayolipiwa kuliko haki? Tulijizuia tusiseme mengi, kwa kuwa abiria wengine walikuwa wanasubiri mizigo yao na mvua ilikuwa imeanza kunyesha.

Yawezekana wapo watakaosema kwamba safu ya mhariri ina mambo makubwa zaidi ya kuzungumzia kuliko spoki sita. Sisi hatukubaliani nao. Katika mkoa wetu baiskeli ndiyo inayobeba mikungu ya ndizi kutoka shambani hadi sokoni, ndiyo inayofikisha gunia la kahawa katika chama cha msingi, ndiyo inayopandisha madumu ya maji kilimani. Pikipiki zimeichukua kazi ya kubeba watu, ni kweli, lakini mzigo wa mkulima asiyekuwa na fedha ya petroli bado uko juu ya baiskeli. Visiwani jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa petroli nayo huvuka ziwa, na kila kinachovuka ziwa huongezeka bei. Tena hakuna baiskeli iliyoota Bumbire, wala Goziba, wala Ikuza, wala Mazinga. Nyingi zinazoonekana huko zilinunuliwa mjini, zikapanda gari, kisha zikapanda mtumbwi. Kama safari hiyo ni mbaya, basi mwananchi wa kisiwani hupokea kitu kipya kikiwa kimekwisha kuwa kikuukuu.

Hapo zamani shida hii ilikuwapo, lakini kwa sura nyingine. Wasomaji wenye umri wa kutosha watayakumbuka mabasi yaliyokuwa na keria juu ya paa na ngazi nyuma, pamoja na utingo aliyepanda ngazi hiyo kama nyani, akipokea magunia, vitanda, kuku na baiskeli. Utingo wa kweli alikuwa fundi. Alijua kipi kikae chini na kipi kikae juu, na baiskeli aliifunga mwisho, ikiwa imelala. Maalimu wetu wa chuo, aliyetufundisha Kurani tukiwa watoto, alikuwa na Raleigh ambayo hakuwahi kumwachia utingo yeyote aifunge. Alipanda ngazi mwenyewe, kanzu ameikunja kiunoni, akaifunga kwa mikono yake, kisha akashuka na kuketi kitini akiwa na amani. Sisi wanafunzi tulicheka. Leo hatucheki.

Siku hizi barabara imekuwa ya lami, na kwa hilo tunaishukuru Serikali, lakini vyombo vimebadilika. Kati ya Bukoba, Kemondo, Muhutwe na Muleba abiria wengi husafiri kwa Hiace na kwa yale magari madogo ambayo wananchi huyaita michomoko. Magari hayo hayakuundwa kwa ajili ya kubeba baiskeli. Hebu tulipime jambo lenyewe. Baiskeli ya magurudumu ya inchi 28 ina urefu unaokaribia mita 2. Upana wa Hiace haufiki mita 2. Nyingine ni mita 1 na sentimeta 70 tu. Kwa hiyo baiskeli ikifungwa kwa kukingama nyuma ya mlango, ni lazima itokeze pembeni. Gurudumu hilo linalotokeza ndilo linalomvizia mtoto anayetembea kandokando ya barabara kutoka shule, na mwendesha pikipiki anayepishana na gari katika kona za Muhutwe. Kwa mchomoko hali ni mbaya zaidi: baiskeli hutiwa nusu ndani ya buti, nusu ikabaki nje, na mlango wa buti ukafungwa kwa kamba juu yake. Hivyo ndivyo foki zinavyopinda.

Juu ya paa ni afadhali, kama gari lina keria. Lakini hapo napo uzembe ni mwingi. Wengi huisimamisha baiskeli kichwa chini, magurudumu juu, ikategemea usukani na tandiko, kisha wakaizungushia kamba moja katikati ya fremu. Gari likishika mwendo, upepo huisukuma huku na huko, na fundo hulegea kidogo kidogo. Kamba ya katani ina tabia yake: ikilowa hukaza, ikikauka hulegea, na Bukoba ni mji unaopata mvua ya milimeta zipatazo 2,000 kwa mwaka, kwa hiyo katika safari moja kamba huweza kulowa na kukauka. Kamba ya nailoni nayo huteleza na kunyumbuka. Kilicho bora kuliko vyote, na mafundi wetu wanakijua, ni vile vipande virefu vya mpira vilivyochanwa kutoka katika tyubu kuukuu za magari. Mpira huvuta na kushika, lakini usiwe umepasukapasuka kwa jua.

Mwenye baiskeli naye ana sehemu yake. Ndugu yetu wa Bumbire hakuwa na spana, na sisi pia hatukuwa nayo, tunakiri. Kama tungekuwa na spana namba 15, tungezitoa pedeli zote mbili, na nusu ya madhara yasingetokea, kwa sababu pedeli ndiyo inayochoma spoki za baiskeli ya jirani na kutoboa magunia ya watu. Hapa tuwakumbushe wasomaji jambo ambalo limewasumbua wengi hata wakaharibu nati: pedeli ya kulia hufunguliwa kama skrubu yoyote, lakini ya kushoto hufunguliwa kwa kuzungushwa upande wa pili. Usukani ulegezwe na kugeuzwa uwe sambamba na fremu. Baiskeli ilazwe upande wa kushoto, ili mnyororo uwe juu, usikandamizwe wala usiwapake abiria wengine grisi katika mizigo yao. Kengele na taa zifunguliwe na kutiwa mfukoni. Kazi yote hiyo ni ya robo saa, kama kondakta atakupa robo saa hiyo.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Kondakta hana robo saa. Anapigania abiria stendi, nyuma yake kuna gari jingine linalopiga honi, na baiskeli kwake ni kitu kinachomchelewesha. Tukiwa na haki, tuseme pia kwamba dereva ana hofu zake: askari wa usalama barabarani akimsimamisha kwa mzigo uliotokeza, atakayetozwa faini ni yeye, siyo mwenye baiskeli. Sheria ya Usalama Barabarani ipo tangu mwaka 1973 na hatuwezi kuwalaumu askari kwa kuisimamia. Matokeo yake ni kwamba wenye magari wengine hukataa baiskeli kabisa, na wengine huzikubali kwa bei wanayoitaka, ambayo hupanda kwa kadiri mwananchi anavyoonekana kuwa ametoka mbali na hana njia nyingine. Mtu wa kisiwani hujulikana upesi. Huuliza saa ya boti kabla ya kuuliza nauli, na hapo hapo huwa amekwisha kushindwa katika mapatano.

Katika gari tulilopanda, nauli ya abiria ilikuwa imebandikwa kwenye kioo. Nauli ya baiskeli hatukuiona. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, ambayo ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2019 kuchukua nafasi ya SUMATRA upande wa nchi kavu, ndiyo yenye dhamana ya nauli za magari ya abiria. Tunawaomba ndugu zetu wa LATRA mkoani, wakishirikiana na halmashauri za Bukoba na Muleba na vyama vya wenye magari, waketi na kulitazama jambo hili. Baiskeli iwe mzigo unaojulikana. Iwe na bei iliyobandikwa hadharani kama bei ya mtu, na mwenye nayo apewe kipande cha karatasi kinachosema kwamba gari fulani limeipokea baiskeli ikiwa nzima.

Karatasi hiyo ni muhimu kuliko bei. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345 ya sheria za nchi yetu, inamtaka mtu aliyekabidhiwa mali ya mwenzake aitunze kama vile mtu mwenye busara ya kawaida angeitunza mali yake mwenyewe. Chuoni tulifundishwa jambo hilo hilo kwa jina la amana. Kwa hiyo si kweli kwamba kondakta aliyeipokea baiskeli hana dhamana. Dhamana anayo, tena ni ya kisheria. Kinachokosekana ni ushahidi wa kwamba aliipokea, na kwamba ilikuwa nzima alipoipokea. Mwananchi asiyekuwa na karatasi hawezi kwenda popote akasikilizwa, na wenye magari wanalifahamu hilo vizuri.

Wenzetu wa nchi nyingine wamekwisha kulifikia jambo hili kwa njia mbalimbali. Katika mji wa Seattle, huko Marekani, mabasi ya abiria yamefungwa vyuma vya kubebea baiskeli mbele ya basi, ambapo dereva anaiona safari nzima. Uholanzi, nchi yenye baiskeli nyingi ajabu, anayetaka kupanda treni na baiskeli kubwa huikatia tiketi yake, na saa za msongamano haruhusiwi kuipakia. Hatusemi tuige kila kitu. Lakini fundi wa kuchomelea vyuma hapa Bukoba, anayetengeneza milango na madirisha, hashindwi kutengeneza keria ya paa yenye mabano mawili ya kushika baiskeli zilizolazwa. Chuma hakitoki Seattle.

Safari ya ndugu wa visiwani haiishii Muleba. Kutoka hapo baiskeli huteremshwa mwaloni na kuingia katika boti au mtumbwi, na mara nyingi hutupwa juu kabisa ya magunia ya unga na kreti za soda, kwa kuwa ni ya mwisho kufika. Mkoa huu hauhitaji kufundishwa hatari ya mzigo uliopangwa vibaya majini. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, karibu na Mwanza, ikiwa imejaa kupita kiasi, na hakuna kata katika wilaya zetu ambayo haikuzika. Mtumbwi ni chombo kidogo, na chuma cha kilo 20 kikiwekwa juu ya rundo la mizigo huufanya uyumbe haraka zaidi kuliko kikilazwa chini. Manahodha wazoefu wanajua. Tungependa TASAC, yenye dhamana ya usalama wa vyombo vya majini, iwe na sauti zaidi katika mialo midogo, si katika bandari za Bukoba na Kemondo peke yake. Melini, tangu MV Victoria iliporejea ziwani mwaka 2020 baada ya matengenezo makubwa, hatuna malalamiko ya kutaja: mzigo hulipiwa, stakabadhi hutolewa. Kama meli inaweza, kwa nini gari lishindwe?

Kwa viongozi wa vijiji na kata za visiwani tuna ombi dogo. Katika vikao vyenu yapokeeni malalamiko ya namna hii na yaandikeni, kwa tarehe na namba ya gari, kisha yaleteni wilayani. Tumeketi katika vikao vingi, na tunajua kwamba jambo lisiloandikwa katika muhtasari huhesabiwa kwamba halikutokea. Ofisa aliye Bukoba hawezi kujua ni baiskeli ngapi zilizoharibika mwaka huu kati ya stendi na mwalo, kwa sababu hakuna aliyemwambia.

Ndugu yetu alilala Muleba siku nne akimsubiri fundi anyooshe foki na kufunga spoki. Malipo ya fundi pamoja na malazi yalimla sehemu kubwa ya fedha aliyokusudia kununulia nyavu. Siku ya tano boti ilimchukua, na safari hii aliilaza baiskeli mwenyewe chini kabisa, kabla ya unga kupakiwa. Ametuletea salamu kwamba inatembea, ila inavuta kidogo upande wa kushoto. Kengele tumeahidi kumtumia.