Friji Inanguruma Lakini Haigandishi: Tusikimbilie Kununua Kompresa

Katika ziara zetu za kufuatilia vikundi vya akina mama wajasiriamali maeneo ya Msimbazi na Kariakoo, tumekutana na tatizo moja mara kadhaa. Friji ya kikundi, iliyonunuliwa kwa mkopo ili kuuza barafu na juisi ya ukwaju, imesimama. Fundi ameitwa, amesikiliza kidogo na kusema, "Kompresa imekufa." Marejesho yanakwama, na kamati ya usharika inaletewa ombi la friji nyingine. Katika kikundi kimoja tuliomba kifuniko kifunguliwe kabla ya kusaini. Kilichoharibika kilikuwa rilei, kifaa kidogo kama kiberiti, ambacho maduka ya vipuri vya friji Kariakoo huuza kwa sehemu ndogo sana ya bei ya kompresa.

Ndani ya kompresa mna mota yenye nyaya za aina mbili: za kukimbiza na za kuanzisha. Rilei huzipa umeme nyaya za kuanzisha kwa muda mfupi tu, kisha huzikatia. Pembeni yake kuna ovalodi, ambayo hukata umeme mota ikipata joto kali. Kwa hiyo ukisikia "tik", mngurumo wa sekunde chache, kisha "tik" tena, na baada ya dakika kadhaa yote yakarudia, mota inajaribu kuanza na kushindwa. Hiyo si dalili ya gesi kuisha. Gesi ikiisha, kompresa huendelea kuzunguka bila kuleta baridi. Wapo waliokwisha kulipia gesi kwa sababu ya rilei!

Kwanza tuutazame umeme wenyewe. Kompresa nyingi hapa kwetu hutaka volti 230. Jioni, nyumba nzima ya wapangaji inapowasha pasi na majiko, umeme huweza kushuka mno, hasa friji ikiwa imechomekwa kwenye ekstensheni nyembamba pamoja na vitu vingine. Ichomeke peke yake ukutani. Tena, umeme ukikatika na kurudi papo hapo, mgandamizo wa gesi bado haujasawazika na rilei bado ina joto. Chomoa, subiri dakika 5 hadi 10, ujaribu tena. Waliopitia mgawo wa umeme wa mwaka 2006 na 2011 wanakumbuka friji zilizoungua kwa namna hii.

Ikishindikana, chomoa plagi kabisa, ufungue kifuniko kidogo ubavuni mwa kompresa. Kapasita ikiwepo, usiishike kwa mkono, huhifadhi umeme. Toa rilei uitikise. Rilei za kisasa zikilia kama njugu, kidonge cha ndani kimevunjika. (Zile za zamani zenye koili hulia hata zikiwa nzima, msizitupe.) Kisha pima pini tatu za kompresa kwa mita. Vipimo viwili vidogo vikijumlishwa vilingane na kile kikubwa: kwa mfano omu 12 na 18, halafu 30. Pini yoyote ikisomana na bodi ya chuma, au nyaya zikiwa zimekatika, hapo kweli kompresa imekufa.

Soma pia kibandiko. Kikiandikwa R600a, gesi hiyo hushika moto. Kazi yoyote ya kuchomelea mirija aachiwe fundi aliyesomea.

Tunaziomba kamati zidai vipimo hivi viandikwe kwenye kila ombi la matengenezo. Wafadhili wetu nao wataelewa kwa nini bajeti zetu za friji sasa zina kifaa cha kuilinda. Kifaa hicho huchelewesha umeme kwa dakika chache kila unaporudi. Akina mama wengine hukiona kibovu kwa sababu ya kuchelewa huko, wakakichomoa na kukiweka kabatini. Tafadhali kirudishwe.