Si Upana wa Nguo, Ni Uzito wa Kitambaa

Ndugu msomaji, ukipita Keko adhuhuri ya mwezi wa Februari, kando ya barabara ya Chang'ombe, utayakuta yale yale uliyoyazoea: vitanda, makochi na makabati yamepangwa mbele ya karakana, vumbi la mbao limetanda hewani, na jua linawaka kana kwamba limeteremka hadi usawa wa mabati. Katikati ya hali hiyo atapita kijana wa miaka kumi na minane. Fulana yake inakaribia magoti, suruali yake ya jinzi inaburuza chini, na juu ya hayo yote amevaa hudi nzito ambayo mikono yake imemfunika hadi vidoleni. Jasho linamtiririka. Mzee aliyeketi kibarazani atatikisa kichwa na kumwuliza: "Mwanangu, nguo hiyo ni yako, au umeazima kwa baba yako?"

Barazani swali hilo huleta kicheko. Nyumbani huleta ugomvi. Baba hutishia kuichoma nguo, mama hulalamika kwamba majirani wanamwona mwanawe mhuni, na kijana hufunga mlango. Makala haya hayana nia ya kumtetea kijana wala kumsuta mzee. Yanauliza jambo moja tu: katika mji wa joto na mvua kama Dar es Salaam, mavazi haya ambayo vijana huyaita ovasaizi yana ubaya gani hasa?

Ugomvi wa tangu zamani

Yafaa tukumbuke kwamba mavazi ya vijana hayakuanza leo kuwakosesha wazee usingizi. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio lililozaa Operesheni Vijana, iliyopangwa kuanza Januari 1, 1969. Miongoni mwa vitu vilivyopigwa vita vilikuwamo sketi fupi, mawigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana. Liangalie vema neno hilo, ndugu msomaji: za kubana! Wakati ule kosa la kijana lilikuwa nguo kumshika mwili. Leo kosa lake ni nguo kumpwaya.

Kati ya hayo mawili yamepita mengi. Katika miaka ya 1970 zilivuma bugaluu na pekosi, suruali zilizopanuka miguuni kama kengele, nazo hazikukosa lawama. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, muziki wa Bongo Fleva ulipotamba, vijana wa Temeke kama Juma Nature na wenzake wa kundi la Wanaume TMK walipendwa nchini kote, na suruali pana pamoja na mlegezo vikashamiri mitaani. Kisha zikaja modo, zikabana tena. Sasa tumerudi kwenye kupwaya. Baba anayemsuta mwanawe leo huenda ana picha yake kabatini akiwa ndani ya suruali ya kutosha watu wawili.

Nguvu nayo haijapata kumfundisha mtu kuvaa. Mwaka 1968 wapo wanawake walioshambuliwa hadharani mjini Dar es Salaam kwa sababu ya sketi zao. Huko Los Angeles, Marekani, mwezi Juni 1943, wanajeshi waliwapiga na kuwavua nguo vijana, wengi wao wenye asili ya Mexico, kwa kuwa walivaa suti pana wakati wa vita, siku ambazo serikali ilikuwa imebana matumizi ya kitambaa. Suti zile zilipita, kama mitindo yote ipitavyo. Kilichobaki katika historia ni aibu ya waliopiga.

Wahenga wetu walivaa mapana

Tukiacha hasira, tutaona kwamba upana wa nguo si mgeni katika pwani yetu. Kanzu ni pana. Msuli ni mpana. Kanga haina mshono wala kifungo. Wazee wetu walijua kwamba nguo isiyogusa mwili huacha nafasi ya hewa kupita, na hewa ikipita jasho hukauka, na jasho likikauka ndipo mwili hupoa.

Jambo hilo limepimwa pia. Mwaka 1980 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti juu ya majoho meusi ya Mabedui wa jangwani. Watafiti walikuta kwamba aliyevaa joho jeusi hakupata joto mwilini kuliko aliyevaa joho jeupe, kwa kuwa joto lililonaswa na kitambaa cheusi lilichukuliwa na upepo uliozunguka chini ya vazi hilo pana kabla ya kuufikia mwili.

Lakini tahadhari! Jangwani hewa ni kavu. Kwetu pwani hewa imejaa unyevu, na jasho hukauka kwa shida. Kwa hiyo vazi pana litamfaa mtu wa Keko iwapo tu kitambaa chake ni chepesi na kinapitisha hewa. Hapo ndipo penye kiini cha maneno yetu. Kitambaa cha fulana nyepesi huwa na uzito wa gramu 150 hivi kwa mita moja ya mraba. Kitambaa cha hudi nzito hufikia gramu 300 au zaidi, na cha jinzi nzito gramu 400 na kuendelea. Hudi na jinzi hizo zilikusudiwa watu wa nchi za baridi. Tena zikiwa pana, kitambaa huongezeka, na mzigo huongezeka. Kijana hutokwa na harara shingoni na kwapani, kisha husema ni joto la Dar es Salaam.

Njia ya mtumba

Nguo hizo nyingi huja kwa njia ya mtumba. Tangu biashara ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, mabelo ya nguo kuukuu kutoka Ulaya na Marekani yameingia kwa wingi, na ndani yake mna nguo zilizoshonwa kwa miili mikubwa kuliko yetu. Kwa miaka mingi mnunuzi alitoka sokoni moja kwa moja hadi kwa fundi cherehani ili apunguziwe kiuno na kufupishiwa mikono. Mtindo wa sasa umelifuta hitaji hilo: kijana huitaka nguo jinsi ilivyotoka ndani ya belo. Kwa mfuko mdogo huo ni unafuu, wala hatuna haki ya kumlaumu mtoto wa mfanyakazi kwa kugeuza upungufu kuwa urembo.

Hatari iliyo ya kweli

Hata hivyo ipo hatari moja ambayo mzee wa kibarazani haitaji, nayo ni kubwa kuliko zote. Keko ni mahali pa kazi. Vijana wengi hujifunza useremala katika karakana zile, mbele ya mashine za kupasulia, kurandia na kukerezea mbao. Mashine haijui mtindo. Mkono wa hudi unaoning'inia, kamba ya kofia au pindo la fulana likinaswa na kitu kinachozunguka, huvutwa kwa kasi ambayo mtu hawezi kuishinda, na pamoja na nguo huvutwa kidole, kiganja au mkono mzima. Kidole kilichokatika hakirudi mtindo ukibadilika.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kulinda usalama wa wanaomfanyia kazi. Mwenye karakana anayemruhusu mwanafunzi kusimama mbele ya msumeno akiwa ndani ya nguo inayopepea hawezi kusema kwamba mavazi ni hiari ya mtu. Kadhalika bodaboda: suruali inayoburuza huweza kunaswa na mnyororo au gurudumu.

Tena kuna mvua. Masika ya Machi hadi Mei yakianza, vichochoro vya Keko hugeuka mifereji. Pindo linaloburuza hunyonya maji machafu na kuyapandisha hadi gotini. Jinzi nzito ikilowa huwa mzigo, na ikifuliwa huweza kukaa kambani siku mbili bila kukauka. Kijana mwenye suruali moja ya kutokea huivaa ikiwa mbichi, na hapo fangasi hupata makao.

Tufanyeje?

Mzazi, acha kugombana na upana. Mwulize mwanao juu ya kitambaa. Mfundishe kukiinua kwenye mwanga na kukipuliza kwa mdomo: kisichopitisha pumzi hakitapitisha joto. Hudi yenye manyoya ndani na aiweke kwa safari ya Iringa au Lushoto wakati wa kipupwe. Kwa Keko, fulana pana ya pamba nyepesi, au shati pana la kitenge lililoshonwa na fundi wa mtaani, litampa upana autakao bila ya mzigo.

Kijana, vaa utakavyo barabarani, lakini pandisha pindo lisiguse maji. Fundi cherehani atakufanyia hivyo kwa muda mfupi. Ukifika kazini, vua. Vaa ovaroli inayokutosha, funga vifungo vya mikononi, ondoa kamba zote. Fundi hodari hujulikana kwa kazi ya mikono yake, na kwa hiyo hana budi kuwa nayo yote miwili.

Nawe mwenye karakana, tundika ovaroli mbili tatu ukutani kwa ajili ya wanafunzi wako, na asiyevaa asiiwashe mashine. Tusiupoteze muda wetu tukipigania urefu wa fulana, ilhali mkono wa mtoto wetu umo karibu na msumeno.