Ufunguo wa Fedha za Blokicheni: Nani Autunze?

Likizo iliyopita nilimkuta mjomba wangu, ambaye ni fundi cherehani, amekaa kibarazani na simu mpya mkononi, wala hana furaha nayo. Simu yake ya zamani ilikuwa imeibiwa sokoni. Kwa simu ile alikuwa akifungulia fedha za kazi ya miezi minane, alizolipwa na mteja wa ng'ambo kwa njia ya blokicheni, nazo zilikusudiwa kununulia mabati ya nyumba. Akaniuliza, "Mpwa wangu, wewe wasoma sayansi. Laini nimeirudisha, na namba ni ileile. Mbona fedha hazirudi?"

Siku ile sikuwa na jawabu. Nimelitafuta tangu hapo, nikawasumbua sana walimu wa hesabu, na sasa naweza kulieleza.

Fedha za simu tunazozijua sote, kama M-Pesa iliyoanza Kenya mwaka 2007, zina mwenye daftari. Ukisahau namba yako ya siri, wapeleka kitambulisho, karani akutazama uso, nawe wapewa namba nyingine. Namba yenyewe ni ya tarakimu nne tu, yaani zinapatikana namba 10,000 basi. Mwizi mwenye subira angeweza kuzijaribu zote, ila kampuni humfungia mlango baada ya makosa machache.

Blokicheni nayo ni daftari, lakini daftari lisilo na karani. Ile ya Bitcoin ilianza Januari 2009. Nakala zake zimo katika maelfu ya kompyuta duniani, nazo hukubali malipo ikiwa tu yametiwa sahihi kwa ufunguo wa siri wa mwenye fedha. Ufunguo huo si wa chuma, ni namba. Na kwa kuwa hapana mtu wa kumzuia mwizi anayebahatisha, namba hiyo imefanywa kubwa mno, hata ukiiandika yaweza kufika tarakimu 78. Nani awezaye kuikariri? Ndiyo sababu tangu mwaka 2013 imezoeleka kumpa mtu maneno 12 au 24, yaliyochaguliwa katika orodha ya maneno 2,048, ambayo kwayo programu huweza kuutengeneza ufunguo upya. Mwenye maneno hayo ndiye mwenye fedha. Daftari haliulizi jina wala uso.

Mjomba alipewa maneno yake 12, akayaandika vizuri. Lakini aliyaandika ndani ya simu ileile.

Nisingependa mtu amcheke, maana waliosoma kuliko yeye wamepotelewa vilevile. Mwaka 2013 mtu mmoja wa mji wa Newport, huko Wales, alipoteza diski iliyotupwa jalalani, na ndani yake mlikuwa na ufunguo wa bitcoin zipatazo 8,000. Aliomba kwa miaka mingi aruhusiwe kulichimbua jalala, na Januari 2025 mahakama ilimkatalia. Kuna waliokwepa taabu hiyo kwa kuwaachia wengine ufunguo. Hao waliingia kwa barua pepe na neno la siri tu, kama mtu aingiavyo dukani, na kampuni ikawatunzia yote. Wateja wa Mt. Gox, kampuni iliyokuwa Tokyo, waliona raha hiyo mpaka Februari 2014, kampuni ilipofilisika na kusema kwamba bitcoin zipatazo 850,000 hazionekani. Baadaye zilipatikana 200,000.

Basi nilidhani hapana njia ya katikati: ama taabu yote iwe juu yako, ama hatari yote iwe mikononi mwa mwingine. Mwalimu wetu wa hesabu ndiye aliyenionyesha njia ya tatu, iliyotolewa na Adi Shamir mwaka 1979, zamani kabla ya blokicheni. Mtu wa Kidato cha Pili aweza kuifahamu.

Tuseme siri yako ni 7. Chukua karatasi ya grafu, weka nukta kwenye 7 katika mhimili wa wima, kisha piga mstari mnyoofu wowote upitao hapo. Mimi nachagua mstari unaopanda 4 kwa kila hatua. Hatua ya kwanza unafika 11, ya pili 15, ya tatu 19. Sasa mpe mtu mmoja nukta ya kwanza, mwingine ya pili, na mwingine ya tatu, halafu chana karatasi. Mwenye 11 peke yake hajui kitu, kwa kuwa mistari isiyo na idadi yaweza kupita katika nukta yake. Lakini mwenye 11 na mwenye 19 wakikutana, wataona kwamba mstari umepanda 8 kwa hatua mbili, yaani 4 kwa kila hatua. Watarudi nyuma hatua moja toka 11, na hapo wataikuta 7. Wawili wowote kati ya watatu watosha. (Katika kazi yenyewe hesabu hufanywa kwa mabaki, kama saa irudivyo kwenye moja baada ya kumi na mbili, ili nukta moja isitoe hata dalili ya siri.)

Baadhi ya programu za siku hizi zinazomruhusu mtu kuingia kwa barua pepe hutumia hesabu ya namna hii. Sehemu moja ya ufunguo hukaa katika simu yako, ya pili katika mashine ya kampuni, nayo hutolewa ukiingia kwa barua pepe, na ya tatu unaiweka mwenyewe mahali pengine. Simu ikiibiwa, kampuni na ile ya tatu zatosha. Kampuni ikifa, simu na ile ya tatu zatosha. Mwizi aliyeipata barua pepe yako amepata sehemu moja tu.

Ila hapa ndipo penye mtego, na kwa maoni yangu watengenezaji hawausemi kwa sauti ya kutosha. Watu wengi hawana subira ya kuichukua ile sehemu ya tatu. Wabonyeza "baadaye", na baadaye haifiki. Mtu wa namna hiyo akipoteza simu amebaki na sehemu moja, sawasawa na mwizi. Na ikiwa kampuni yenyewe ndiyo itunzayo sehemu mbili kwa ajili ya urahisi wako, basi umerudi Tokyo. Kwa hiyo, kabla ya kusifu urahisi wa mlango, mimi ningeuliza swali moja: ni nani mwenye sehemu mbili?

Fedha za mabati hazikurudi, nami ilinibidi kumwambia mjomba hivyo uso kwa uso. Mteja wake bado hulipa kwa njia ileile, kwa hiyo tulimfungulia pochi mpya. Sehemu ya tatu aliniomba niitunze mimi. Nilimjibu kwamba bwenini masanduku yetu hukaguliwa, na mimi mwenyewe nimekwisha poteza ufunguo wa kufuli langu mara mbili muhula huu. Sasa iko kwa mama, ndani ya bati la biskuti, pamoja na vyeti vyetu vya kuzaliwa.