Mlango Wenye Matundu Manne

Agosti 2012, kwenye kibanda umiza cha mtaani kwetu, watu waliokuwa wakibishana kuhusu mpira walinyamaza kumtazama Oscar Pistorius. Ilikuwa nusu fainali ya mita 400, Olimpiki ya London. Mtu aliyekatwa miguu yote miwili akiwa na miezi 11 alikuwa akikimbia kwa miguu ya bandia, sambamba na wenye miguu yao. Alimaliza wa mwisho katika kundi lake. Kirani James wa Grenada, aliyeshinda, akamfuata wakabadilishana karatasi za majina walizobandika vifuani. Mzee aliyekaa jirani yangu alifuta machozi bila kujificha. Binamu yangu, kijana wa miaka 16 wakati huo, alitafuta picha ya Pistorius akaibandika ukutani, juu ya kitanda chake.

Alfajiri ya Februari 14, 2013, Pistorius alifyatua risasi nne kupitia mlango wa choo nyumbani kwake Pretoria. Nyuma ya mlango ule alikuwamo mpenzi wake, Reeva Steenkamp.

Katika kazi yangu ya ushauri nasaha nimeulizwa mara nyingi, tena kwa aibu: kwa nini niumie hivi kwa mtu ambaye hata hanijui? Hakuna cha kuonea aibu. Mwaka 1956, Donald Horton na Richard Wohl waliandika juu ya urafiki wa upande mmoja ambao watazamaji wa televisheni hujenga na watu wa kwenye kioo. Unaizoea sura yake, unajua anavyocheka, unakosa usingizi siku ya fainali yake. Moyo ukishazoea hivyo, hauulizi kama na yeye anakufahamu.

Kisha tunajiunga naye. Robert Cialdini na wenzake, mwaka 1976, walionyesha kwamba wanafunzi wa vyuo vya Marekani walivaa zaidi nguo zenye nembo ya chuo Jumatatu baada ya timu yao kushinda. Wakisimulia ushindi walisema “tumeshinda”. Timu ikifungwa, mara nyingi ikawa “wamefungwa”. Shabiki wa Simba au Yanga hahitaji kufafanuliwa hilo. Lakini nyota wako akiua, ule “u-sisi” hauvuliki upesi kama jezi. Unabaki nao mwilini, na ndio unaouma.

Kuna pia kosa la zamani zaidi. Edward Thorndike aliligundua kwa maofisa wa jeshi waliokuwa wakiwapima askari wao, akaliandika mwaka 1920: sifa moja iking'aa, huzipaka rangi sifa nyingine zote. Tulimwona Pistorius ana ujasiri na nidhamu ya mazoezi, tukamwongezea upole na uaminifu ambao hatukuwahi kuuona. Kuamka usiku kwenda uwanjani hakutuambii mtu huyo huwa nani akiwa nyumbani, mlango umefungwa.

Naogopa zaidi yanayofuata baada ya maumivu, yaani utetezi. Mwaka 2014 Jaji Thokozile Masipa alimkuta Pistorius na hatia ya kuua bila kukusudia, akamfunga miaka 5. Desemba 2015 Mahakama ya Juu ya Rufaa ikasema hapana, ni mauaji: alijua kuwa yeyote aliyekuwa nyuma ya mlango angeweza kufa, na bado akafyatua. Juni 2016, adhabu ikisikilizwa upya, alivua miguu ya bandia akatembea kwa vigutu mbele ya jaji, akijishikiza asianguke. Hadithi ileile tuliyompendea ilikuwa imeletwa mahakamani kumwombea huruma. Nami nilimhurumia, siwezi kukana. Ulemavu wake ni wa kweli. Ila ndani ya jengo hilohilo la mahakama ulikuwa umewahi kuletwa ule mlango wenye matundu manne, na machozi yetu yalielekea upande mmoja tu. Alipewa miaka 6, ambayo Novemba 2017 ilipandishwa kuwa 13 na miezi 5.

Simwambii mtu afute kumbukumbu ya London. Mbio zile zilikimbiwa kweli, na mtoto mlemavu aliyepata moyo siku ile hakukosea. Ninachokataa ni mbio hizo kutumika kumnyamazisha marehemu.

Pistorius alipoachiwa kwa masharti Januari 5, 2024, binamu yangu alinipigia simu. Picha alishaibandua siku nyingi. Bado alikumbuka muda wa raundi ya kwanza kule London, sekunde 45.44, na akautaja bila kusita. Nikamuuliza jina la msichana aliyeuawa.

“Yule mwanamitindo... Dada, jina limenitoka.”

Nikamwambia: Reeva Steenkamp, miaka 29, alikuwa na shahada ya sheria. Akaniomba nilirudie, polepole.