Tirazi na Dibaji: Hariri za Nakshi katika Dola za Kiislamu na Kumbukumbu Yake katika Kiswahili

Katika masoko ya Butembo na Beni, kikwembe hakinunuliwi kwa ajili ya kusitiri mwili tu. Kipo cha sikukuu ya wanawake ya Machi 8, kipo cha jubilei ya parokia, na enzi ya Zaire kilikuwapo chenye picha ya Rais Mobutu. Anayekivaa hubeba mwilini jina au habari ya mwingine. Makala haya yanaeleza desturi iliyofanana na hiyo katika dola za Kiislamu za karne za mwanzo, pamoja na alama ilizoacha katika msamiati wa Kiswahili.

Desturi hiyo iliitwa tirazi. Neno hilo lina asili ya Kiajemi, na katika Kiarabu lilikuwa na maana ya utarizi, kisha utepe wa maandishi katika vazi, na hatimaye karakana yenyewe. Jina la khalifa lilitajwa katika hotuba ya Ijumaa, likapigwa kwenye sarafu na kutiwa katika nguo alizowatunuku watumishi wake. Kuliacha jina hilo kulikuwa tangazo la uasi. Al-Ma'mun alipofarakana na nduguye, Khalifa al-Amin, kabla ya vita vyao vya mwaka 811, aliliondoa jina la nduguye katika tirazi na sarafu. Afrika nayo ilishiriki: vipo vipande vya hariri vilivyotariziwa jina la Marwan, Amiri wa Waumini, pamoja na jina la karakana ya Ifriqiya, yaani Tunisia ya leo na jirani zake. Marwan huyo hudhaniwa kuwa ni wa pili, aliyetawala 744–750.

Ufumaji wenyewe ulitaka hesabu. Katika hariri nyingi za daraja la juu, mtande ulikuwa wa aina mbili: nyuzi za ndani zisizoonekana, na nyuzi za kufungia. Mshindio ulikuwa wa rangi kadhaa. Kila mara nyuzi za ndani zilizochaguliwa ziliinuliwa, hivyo rangi iliyotakiwa ikabaki usoni na nyingine zikafichwa nyuma. Mpango wa kuziinua ulipokwisha kufungwa katika kitanda cha mfumi, nakshi iliweza kurudiwa mara nyingi bila kubadilika. Katika kikwembe, rangi hupigwa chapa juu ya pamba iliyokwisha kufumwa. Katika hariri hizo, kuifumua nakshi ni kuifumua nguo.

Mfano mashuhuri umehifadhiwa katika makumbusho ya Louvre, Paris. Una tembo waliokabiliana, safu ya ngamia, na maandishi ya Kikufi ya kumwombea heri jemadari Abu Mansur Bakhtakin wa Khurasani, aliyeuawa mwaka 961. Baadaye nguo hiyo ilifika Ufaransa, ikafungia mifupa ya Mtakatifu Josse kanisani. Jemadari hakunusurika, lakini jina lake limedumu. La mfumi halikuandikwa.

Kumbukumbu ya kazi ya mfumi haina budi kutafutwa kwingine, na lugha ni mahali pamojawapo. Misafara ya karne ya 19 iliyokieneza Kiswahili mashariki mwa Kongo ilichukua hasa nguo za pamba, kama merikani na kaniki. Hata hivyo, lugha iliyosafiri nayo ilikwisha kupokea maneno ya hariri. Kitenzi tarizi kina shina moja na tirazi. Dibaji, yaani maneno ya kutangulia kitabu, hutokana na neno la Kiarabu lenye uhusiano na dibaj, hariri ya nakshi: mwanzo wa kitabu ulifananishwa na nguo iliyopambwa.

Kufanana kwa kikwembe na tirazi si ushahidi kwamba kimoja kilizaa kingine. Hata hivyo, katika vyote viwili jina linalosomwa ni la mwenye kutukuzwa. Wafumi wa Khurasani na Ifriqiya hawana majina, ila kila mwandishi wa Kiswahili anayeanza kitabu kwa dibaji hukianza kwa neno lililotoka katika kazi yao.